Si Kila Tufe Lilitoka Mzingani

Mkoani Tanga, chuma kizito kikifukuliwa shambani hakikosi jina. Udongo haujakauka juu yake, tayari kinaitwa mali ya Mjerumani. Watu wamechimbua bikoni za mipaka wakitafuta rupia, wamevunja sakafu za maboma, wamefukua hata makaburi, kwa sababu fulani alimwambia fulani kwamba Mjerumani alipokimbia 1916 alifukia hazina na kuiwekea alama. Wanachokipata ni shimo, na deni kwa mganga.

Katika mazingira ya namna hiyo, huko Mazinde, wakwe zangu walinionyesha tufe la chuma. Lilikuwa limezoea kazi ya kuzuia mlango wa uani usibamizwe na upepo. Hakuna aliyekumbuka vizuri lilivyoingia nyumbani, lakini kila mtu alijua ni nini: tufe la mzinga. Walichobishania ni mzinga wa nani tu. Wazee walisema wa Semboja, mtawala wa zamani wa Mazinde, vijana wakasema wa Mjerumani. Mmoja wa vijana hao alikwisha kusikia habari za tajiri wa Dar es Salaam anayenunua vitu kama hivyo, na bei ya tajiri huyo ambaye hakuna aliyemwona ilipanda kila ilipotajwa.

Baba mkwe akanigeukia. "Mwanangu, wewe umesoma. Hili ni la mzinga au si la mzinga?"

"Baba," nilimjibu, "tukiruhusiwa tulipime kwanza."

Nilisema hivyo kwa heshima, na pia kwa hofu. Mkwe hapendi kuwa mtu wa kwanza kuipunguza sifa ya nyumba aliyooa. Lakini tangu siku ile nimeliwaza sana jambo hili la kupima kwanza na kusimulia baadaye, na nimeona kwamba linahusu mengi zaidi ya vyuma.

Kabla ya kupima kuna sharti moja: usalama. Tufe la kale la mzinga huwa la aina mbili. La kwanza ni chuma kitupu hadi kiini, nalo halina madhara zaidi ya kukuangukia kidoleni. La pili lina uwazi ndani, na uwazi huo ulijazwa baruti. Nje huonekana tundu au kizibo ulipokaa utambi. Hilo la pili, hata likikaa miaka mingi, haliguswi, halisuguliwi, halipashwi moto. Na bonde hili la Pangani limepita vita vya karibu zaidi. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka kufuata mto Pangani na reli, yakateka Mombo, Korogwe, na baadaye Handeni. Vita hupita, mabaki yake hayaondoki yote. Nchi hii imeshaona chuma kinachodhaniwa kuwa chakavu kinavyoweza kuua: Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, wanafunzi waliuawa na bomu la mkono lililookotwa. Hivyo kwanza tulilitazama tufe letu likiwa palepale chini, pande zote. Halikuwa na tundu wala kizibo wala mshono wa kizibo. Ndipo tukalibeba.

Vifaa vyetu vilikuwa mizani ya duka la mahindi na futi ya fundi cherehani. Mizani ilisema kilo nne na kitu kidogo juu, kama kilo 4.1. Palepale kelele zikapanda, kwa sababu mmoja wetu alikuwa na simu na alikwisha kusoma kwamba mizinga ya Waingereza ilihesabiwa kwa ratili za tufe lake: ya ratili 6, ya 9, ya 12, ya 18, ya 24. Ratili 9 ni kilo 4.08. Tufe letu likapata mzinga wake, na yule tajiri wa Dar es Salaam akapanda bei tena.

Lakini uzani ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi. Tufe la wanawake la mchezo wa kurusha tufe lina kilo 4. Gololi kubwa za viwandani zipo za kilo 4. Vitu vitatu vya uzani mmoja, na kila kimoja kina maisha yake. Shahidi wa pili ni ukubwa. Futi ya cherehani ilizunguka tufe ikasoma sentimita 31 na nusu kasoro kidogo. Ukigawanya kwa 3.14 unapata kipenyo cha sentimita 10. Tufe la mzinga wa ratili 9 lilikuwa la chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na chuma hicho ni chepesi kidogo kuliko chuma cha pua. Ili kufikisha kilo 4.08, tufe la kusubu huhitaji kipenyo cha sentimita 10.3 hivi, na mzingo wake hupita sentimita 32. Letu lilikuwa dogo kuliko hapo lakini zito vilevile. Maana yake lilikuwa la chuma cha pua, na chuma cha pua hakikuwa bidhaa rahisi ya kumimina kwa wingi kabla ya Henry Bessemer kuonyesha njia yake mwaka 1856. Enzi ya matufe ya mviringo ilikuwa inafikia ukingoni.

Shahidi wa tatu ni ngozi ya chuma. Tufe la kusubu lililokaa ardhini miaka mia huoza kwa namna yake: hupata vishimo, humenyeka kwa magamba, na mara nyingi huonyesha mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au kovu la mdomo wa kumiminia. Letu halikuwa na mstari wala kovu. Kutu yake ilikuwa nyembamba, na chini ya kutu palikuwa na sehemu zilizosagika zikawa bapa, kama tatu au nne, laini kwa kuguswa. Chuma kilichopigwa mara moja kutoka mzingani hakipati mabapa ya namna hiyo. Mabapa hayo hutokana na kugongana na vyuma vingine kwa siku nyingi, mchana na usiku.

Hapo mama mkwe, aliyekuwa akipeta mchele pembeni muda wote bila kuulizwa neno, alisema, "Hilo alikuja nalo marehemu kaka yangu, kutoka machimboni Handeni."

Kila kitu kikakaa mahali pake. Upande wa Handeni kuna dhahabu, na Magambazi ni jina linalojulikana na kila kijana aliyewahi kwenda kujaribu bahati huko. Wachimbaji wadogo husaga mawe yao kwa karasha, pipa la chuma linalozungushwa na injini, na ndani yake mna gololi nzito zinazoponda mawe mpaka yawe unga. Gololi ikishasagika ikapungua hutupwa, au mtu huichukua akarudi nayo nyumbani kuwa kumbukumbu ya jasho lake. Marehemu alirudi nayo. Dhahabu hakurudi nayo.

Nimeliwaza hilo la mama mkwe kuliko hesabu zote. Nyumba nzima ilikuwa imegawanyika kati ya Semboja na Mjerumani, simu zimetolewa mifukoni, na jibu lilikuwa limekaa uani na ungo mkononi. Hatukumuuliza kwa sababu swali letu lilihusu vita na wafalme, na kwetu mambo hayo huulizwa wanaume. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nami nimeongeza kwa matumizi yangu mwenyewe: aulizaye watu walewale kila siku naye hajifunzi jingine.

Lakini Semboja hakutajwa bure, na hapa historia ya Mazinde inastahili kusimuliwa ilivyokuwa. Ukitoka Korogwe ukapita Mombo kuelekea Same, milima ya Usambara inasimama kuliani, na kushoto tambarare ya mkonge inatanda kuelekea bonde la Pangani. Zamani, kabla ya lami na kabla ya reli iliyoanzwa Tanga 1893 na kufika Moshi 1911, njia hii ilikuwa ya misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Pangani kwenda bara. Mfalme wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vugha, juu milimani, mahali ambapo mmisionari Ludwig Krapf alimzuru 1848 na wasafiri Burton na Speke wakamzuru 1857. Nguvu yake ilikuwa milimani: mvua, kodi na heshima. Mwanawe Semboja alitazama chini. Alishuka akaweka makao Mazinde, penye njia ya misafara, kwa kuwa alielewa kwamba nyakati zimebadilika na kwamba atakayekaa njiani ndiye atakayepata nguo, baruti na bunduki.

Kimweri alipofariki 1862, nchi aliyoiacha ilikuwa na mrithi, mjukuu wake Shekulwavu, lakini Semboja alikuwa na bunduki na marafiki. Alimwondoa Shekulwavu Vugha na kumweka mwanawe mwenyewe mahali pake. Wabondei nao wakaasi utawala wa Wakilindi, ukoo wa Kimweri. Vita vikazaa mateka, mateka wakauzwa pwani, na fedha ya mateka ikanunua bunduki nyingine. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa karani wa Semboja, aliyaandika mambo ya ukoo huo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho sehemu zake zilianza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19. Semboja alifariki 1895, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa.

Sasa uliza: katika habari yote hiyo, mzinga uko wapi? Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Mzinga mdogo tu wa ratili 6 una uzani wa mamia ya kilo, bado gari lake, bado matufe yake, na ng'ombe wa kuukokota wangekufa kwa mbung'o njiani. Ndiyo maana mizinga ya enzi ya matufe ilikaa pwani, juu ya kuta za ngome na ndani ya meli. Ukitaka kuiona nenda Mombasa, Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na Waomani wakaihusuru kuanzia 1696 hadi 1698. Mbele ya ngome hiyo, chini ya maji, ilizama meli ya Kireno Santo António de Tanná mwaka 1697, na wapiga mbizi waliifanyia uchunguzi kuanzia 1977. Huko tufe la chuma lina nyumba na lina ndugu.

Na Mjerumani je? Alipofika na mizinga yake, dunia ilikuwa imekwisha kuhama kutoka tufe la mviringo kwenda kombora refu lenye ncha. Hata mizinga kumi ya milimita 105 ya manowari Königsberg, iliyotolewa Rufiji baada ya meli kuzamishwa Julai 1915 na kukokotwa bara kwa jasho la watu, ilirusha makombora marefu. Mmoja wa mizinga hiyo uko palepale Fort Jesus, asiyeamini akautazame. Kwa hiyo mtu akikuonyesha tufe la mviringo akaliita la Mjerumani, amechanganya karne mbili.

Kilichoivunja nchi ya Kimweri kilikuwa kidogo mno kuitwa hazina: risasi ya gobore. Ni kijitufe cha madini ya risasi, kipenyo chake kama milimita 17, uzani wake kama gramu 30, kinachopotea katika kiganja cha mtoto. Na ndivyo ilivyokuwa kwamba, baada ya lile tufe la karasha kupoteza cheo chake, baba mkwe alileta kopo la maziwa ya unga lenye vikorokoro vya shambani: vifungo, sarafu ya tundu, funguo bila kufuli, na kijitufe kimoja cha kijivu. Sumaku haikukivuta. Kilipopitishwa kwenye karatasi kiliacha mstari kama wa penseli. Ni madini ya risasi kweli. Hakuna aliyekuwa amekitaja katika ubishi wote ule, kwa sababu kilikuwa kidogo.

Je, kilipigwa na watu wa Semboja? Gobore zimeendelea kutumika vijijini mpaka jana, kufukuza ngiri na nyani mashambani, na kijitufe chenyewe hakina tarehe. Tarehe yake ilikuwa udongoni: kina chake, vigae vilivyokuwa karibu, shanga, majivu ya jiko la kale. Mtu wa mambo ya kale angeusoma udongo huo. Lakini kilipotolewa shambani kikatiwa koponi pamoja na vifungo, kilikuwa barua iliyotolewa ndani ya bahasha, bahasha ikachomwa: maneno yapo, lakini mwandishi, siku na mahali vimekwenda.

Hapo ndipo nilipojifunza nililotaka kusema katika tafakari hii. Sisi huvitafutia vitu ukoo mkubwa, kama tunavyojitafutia wenyewe. Katika ukoo wa mtu hapakosekani babu aliyekuwa jumbe, na ni nadra kusikia habari za babu aliyekuwa manamba kwenye mkonge, ingawa tambarare yote hii ililimwa na manamba tangu miche 62 ya mkonge ya Mjerumani Richard Hindorf ilipofika hai Tanga mwaka 1893. Walifanya kazi, wakalipwa kidogo, wakafa, na wajukuu wao wanatafuta tufe la mfalme. Mjomba aliyebeba gololi kutoka Magambazi ni historia ya nyumba ile kwa hakika, yenye shahidi aliye hai. Semboja ni historia ya Mazinde, lakini si ya mlango ule wa uani. Ukimnyima mjomba nafasi yake ili umweke mfalme, umewadhulumu maiti wawili: mmoja umemsahau, mwingine umemsingizia.

Nimejifunza pia kwamba tamaa haidanganyi macho tu, hudanganya hata mizani. Kilo 4.1 ilikuwa namba ya kweli. Hakuna aliyeisoma vibaya. Uongo uliingia pale tulipotaka namba moja iseme kila kitu, na iseme tunachokipenda. Watu wengi wamenunua shamba, wameoa, wameingia biashara na wamefuata viongozi kwa njia hiyohiyo: jambo moja la kweli, lililopimwa vizuri, likabebeshwa mzigo wa mambo kumi yasiyopimwa. Dawa yake si kuacha kuamini. Dawa ni kutafuta shahidi wa pili na wa tatu, hasa yule ambaye huna hamu ya kumsikia.

Kuhusu baba mkwe, nilimweleza tulichokiona, hatua kwa hatua, nikimwachia yeye neno la mwisho. Alilishika tena lile tufe, akapapasa mabapa yake, akasema, "Basi shemeji yangu alifanya kazi kweli." Kisha akamwambia yule kijana wa habari za tajiri aende akalirudishe mlangoni. Ukweli ukielezwa kwa adabu hauvunji heshima ya mzee. Kinachoivunja ni kumwacha aendelee kusema jambo ambalo siku moja mgeni atamcheka nalo.

Kwako msomaji, huenda nawe una chuma cha namna hii nyumbani, au utakifukua masika yajayo. Kama kina tundu, kizibo, au umbo la kombora, usikiguse. Watoe watoto eneo hilo na uwaite polisi. Kama ni chuma kitupu, usikisugue kwa msasa wala usikimbilie kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Kipige picha kikiwa palepale, pima mzingo na uzani, andika mahali, kina, na vilivyokuwa jirani nacho. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, kwa hiyo ukidhani unacho kitu cha umri huo, toa taarifa kwenye halmashauri yako ili idara inayosimamia mambo ya kale ifikiwe. Wala usimlipe mtu yeyote anayekuahidi tajiri.

Na kabla ya hayo yote, waulize watu wa nyumbani, kuanzia na yule ambaye hajasema neno.